Wifi Yangu Mwenye Kifungo Kimoja

Jumapili ile, mchukuzi aliua joka.

Siyo askari. Siyo mganga. Mchukuzi, yule wa kubeba mizigo ya wenzake, mwenye nguvu moja tu.

Na aliyekuwa anamchezea huyo mchukuzi alikuwa wifi yangu.

Watu wote mezani wakapiga makofi. Na mimi nikacheka, cheko la meno tu. Moyoni nilikuwa nimeshasema yangu: huyu mwanamke anatuibia.

Tulieni niwaeleze, maana najua kuna watu wameshaanza kuuliza joka gani tena.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha kushonea mbele ya nyumba yetu, kina cherehani mbili, pasi, na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Siku za kazi meza hiyo haina nafasi hata ya kuweka kikombe. Jumapili mchana tunaisafisha, tunavuta viti, tunacheza.

Mchezo wenyewe ni wa kusimulia. Mmoja wetu anakuwa msimulizi, na huyo ndiye mimi. Nawaambia, "Mmefika darajani, chini kuna maji meusi, katikati limekaa zimwi, hampiti mpaka mliambie siri moja." Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni. Anasema mtu wake anafanya nini, halafu anarusha dadu. Dadu ikikubali, yaani ikitoka namba kubwa, umefanikiwa. Ikikataa, pole yako.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyetuletea mambo haya. Aliwakuta wenzake wanacheza kwa vitabu vinene vya lugha za watu. Tukajiuliza, kwani sisi tumekosa nini? Tukatunga wetu, kwa Kiswahili chetu, tukauita Msafara.

Katika Msafara kila mtu ana fani yake. Fani ndiyo inayosema wewe ni nani na unaanza na nguvu kiasi gani. Nguvu tunazihesabu kwa vifungo, kwa sababu kwa fundi nguo vifungo havikosekani. Vinakaa kwenye kopo katikati ya meza. Ukipigwa, unarudisha kifungo, kimoja au viwili kwa ukali wa pigo. Ukitaka dadu yako isaidiwe kidogo, unatoa kifungo. Vikiisha mtu wako amekufa, nenda kachemshe chai.

Askari anaanza na vifungo vinane. Mganga sita. Mwizi vitano.

Mchukuzi kimoja.

Kimoja! Aliyeng'ang'ania awepo ni huyo huyo mdogo wangu. "Dada, lazima awepo mnyonge, ndiyo shujaa aonekane."

Shujaa nani? Yeye, bila shaka. Askari alikuwa wake tangu siku ya kwanza. Kazi yake ni kufundisha watu udereva, siku nzima amekaa kiti cha pembeni anakanyaga breki kwa makosa ya wengine. Jumapili alitaka upanga, nasi tukampa. Na alikuwa askari kweli kweli, hajawahi kufa hata mara moja.

Mganga alikuwa mume wangu, fundi umeme, mpole mpaka anaudhi. Mwizi alikuwa jirani yetu kinyozi, ambaye ndiye mtu mwaminifu kuliko sote. Aliwahi kumkimbilia mteja barabarani kumrudishia kitana alichokisahau.

Mchukuzi hakuwa na mwenyewe. Nani atake kucheza mtu wa kufa kwanza?

Basi, ndoa ya wifi yangu ikavunjika, akaja kwetu na begi moja.

"Ni kwa muda tu," mume wangu alisema.

Ule muda ukawa mrefu. Sikumchukia, nasema ukweli. Lakini alikuwa mtu wa kuosha vyombo kabla hujamwambia, wa kufunga mlango bila kelele, wa kutoomba kitu chochote. Na mimi mtu asiyeomba ananitia wasiwasi. Najiuliza, huyu anachukua saa ngapi?

Mchana alinisaidia kazi. Alipiga pindo na kushona vifungo vya mashati, na mkono wake ulikuwa mzuri. Jumapili moja akaniuliza, "Wifi, na mimi naweza kucheza?"

Mdogo wangu akadakia, "Mchukuzi yupo, karibu sana!" Akamkonyeza kinyozi.

Nikampa wifi kadi ya fani yake, niliyoiandika mwenyewe. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Ndivyo ilivyo, kama ilivyoandikwa hapa?"

"Ndivyo."

Akaiweka mbele yake, akachukua kifungo chake kimoja.

Nikajua huyu atachemsha chai mapema.

Hakuchemsha.

Jumapili ya kwanza msafara ulivamiwa na fisi wanaoongea. Mganga alikufa, mwizi alikufa. Mchukuzi akatoka msituni na mizigo yote mgongoni. Tukasema bahati.

Jumapili ya pili ndiyo ya joka. Joka la shaba, nimelitunga mwenyewe kwa wiki nzima huku nakata sare za shule. Lilimchapa mganga, likamchapa mwizi, likamkung'uta hata askari. Wifi akapigwa mara tatu. Mara tatu! Mtu mwenye kifungo kimoja alitakiwa awe marehemu tangu pigo la kwanza. Badala yake akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Mchukuzi anaegemeza sanduku la chumvi kwenye koo la joka, anasukuma."

Dadu ikakataa. Akatoa kifungo. Akatoa kingine. Dadu ikakubali.

Joka likafa.

Mchezo ulipokwisha na kinyozi kutoka, mdogo wangu alibaki ananisaidia kurudisha viti. Akanisogelea sikioni.

"Dada, umeliona lile?"

"Lipi?"

"Usijifanye hujaona. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Mwangalie vizuri wifi yako."

Hakuhitaji kuniambia mara mbili. Mimi na shaka tulinyonya ziwa moja.

Sasa sikilizeni kwa nini jambo lenyewe halikuwa dogo. Kuna mama mmoja mwenye duka la vitabu, sisi tunamwita Mama Vitabu. Kinyozi alimsimulia habari za Msafara huku akimnyoa mwanawe, naye akasema atakuja kutazama. Akiupenda, atauchapisha na kuuweka dukani kwake. Lakini alitoa neno moja mapema.

"Nikiona fani moja inawaburuza nyingine, siuchukui. Watu watanirudishia."

Kwa hiyo, ama mchukuzi wangu alikuwa mbovu, ama aliyemshika alikuwa mwizi. Na kati ya kazi yangu na wifi yangu, mnadhani nilichagua kushuku kipi?

Jumapili iliyofuata sikuondoa jicho kwake. Alikuwa na dadu ya bluu. Kila mtu ana rangi yake, na seti nzima alituletea mdogo wangu. Nikaitazama ile bluu mpaka macho yakaniuma. Haikuwa na kitu. Wifi alikuwa anakosa sana tu, anakosa kuliko hata mume wangu.

Anakosa, lakini hafi.

Ndipo nikayahamisha macho kutoka kwenye dadu hadi mkononi. Chini ya kiganja chake kulikuwa na kilima kidogo cha vifungo.

"Wifi," nikasema kwa upole wa uongo, "una vingapi hapo?"

Akavitazama. "Sita."

"Sita? Si ulianza na kimoja?"

"Ndiyo. Vingine nimechukua."

Jamani.

Nimechukua! Kavukavu, bila kupepesa jicho, mbele ya kaka yake! Nilitaka kusema neno, mdogo wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Dada endelea, zimwi linasubiri."

Nikaendelea. Sijui hata nilisimulia nini siku hiyo, nadhani kuna zimwi nililiua mara mbili.

Walipoondoka nikaenda moja kwa moja kwenye droo ya vifungo vya kazi. Vifungo vya mchezo na vya kazi ni aina moja, vile vyeupe vya shati. Nikavitazama. Nikaona vimepungua. Vilikuwa vimepungua kweli? Sijui. Mtu mwenye shaka haulizi droo, anaiambia. Anayeshona vifungo kutwa ni nani? Anayeijua droo ni nani? Picha ikawa imekamilika: anatia vifungo mfukoni, Jumapili anavishusha mezani kimoja kimoja.

Nikamfuata mume wangu uani, alikuwa anakunja nyaya.

"Dada yako anaiba."

Akasimama wima. "Anaiba nini?"

"Vifungo."

"Vifungo vya wateja?"

"Vya mchezo. Anavitoa kwenye droo anavileta mezani."

Kwanza alicheka. Alipoona sicheki, na yeye uso ukabadilika.

"Mke wangu, mtu amepoteza ndoa, amepoteza nyumba, wewe unamhesabia vifungo?"

"Nahesabu jasho langu. Mama Vitabu anakuja Jumapili, unataka atukute na tapeli mezani?"

"Usimwite dada yangu tapeli."

"Basi mwambie asiwe tapeli!"

Sauti ilinipanda. Dirisha la chumba cha kushonea linaloangalia uani lilikuwa wazi, na humo ndani wifi alikuwa anapiga pasi. Nilikuwa nasikia pasi ikigonga meza, tap, tap. Halafu sikuisikia tena.

Mume wangu naye alisikia ule ukimya. Akaninyooshea kidole, akaingia ndani.

Wiki hiyo nyumba ilipoa. Wifi aliamka, alishona, aliosha vyombo, alisalimia. Akitoka jioni alisema anakwenda kunyoosha miguu. Nikasema moyoni, dhamiri hiyo inamtembeza.

Na mimi nikatega mtego.

Kulikuwa na koti kuukuu la majira ya baridi ambalo mwenyewe alishalitelekeza, na pamoja nalo pakiti ya vifungo vya akiba, vya kijani, vinene, vyenye matundu manne. Vya aina hiyo havikuwemo popote ndani ya nyumba. Nikavihesabu, nikavitia kwenye kopo la mchezo, vyeupe vyote nikaviondoa. Kikitokea kifungo cheupe mezani, mwizi kashikwa peupe.

Halafu nikaona nisiache mwanya. Asije akasingizia dadu. Nikaenda duka la vifaa vya shule nikanunua dadu mpya, zote nyeupe, mpya kabisa ndani ya karatasi yake. Sikumwambia mtu.

Jumapili ikafika.

Mama Vitabu alikuja na miwani yake ya kamba, akakaa pembeni ya cherehani, akasema tumsahau kama hayupo. Atasahaulikaje mtu anayeandika tathmini yako kichwani?

Nikamwaga vifungo vya kijani kwenye kopo. Kinyozi akasema, "Ooh, leo tumevaa." Wifi akachukua chake kimoja.

Nikagawa dadu mpya.

"Hizi za nini?" mdogo wangu akauliza.

"Mpya. Tuna mgeni."

"Mimi natumia yangu."

"Leo wote tunatumia hizi."

"Dada, kwani zile zina tatizo gani? Ile nyekundu nimeizoea, mkono wangu unaijua."

"Mkono wako utazoea."

Akaichukua ile nyeupe kama mtu aliyepewa dawa chungu. Sikulitilia maanani. Macho yangu yote yalikuwa kwa wifi.

Tukaanza. Msafara umefika kwenye lango la majitu. Majitu mawili, moja limelala, moja limeamka. Askari, kama kawaida yake, akatangulia.

"Nalikata goti!"

Akarusha. Moja.

Tukacheka. Hutokea.

Jitu likampiga, akarudisha vifungo viwili. Akarusha tena. Mbili. Jitu likampiga tena. Akatoa kifungo cha kujisaidia, akarusha, ikatoka moja. Akaanza kusogeza kiti, akaanza kufuta dadu kwenye suruali, akasema meza imeinama.

"Meza ni ile ile," mume wangu akamwambia. "Tulia, shem."

Hakutulia. Vifungo vyake vikayeyuka, na kabla lango halijafunguka hata kidogo, askari wetu akafa. Tangu tuutunge Msafara hatukuwahi kumzika askari. Hata mimi msimulizi sikujua niseme maneno gani. Nikasema tu, "Askari ameanguka."

Mganga akafuata. Mwizi akafuata.

Akabaki mchukuzi, na mbele yake kilima cha vifungo.

"Simamisha mchezo," nikasema.

Nilisimama. Nilitaka nimwone kila mtu usoni wakati ninalisema. "Wifi, toa mkono juu ya vifungo vyako."

"Wewe!" mume wangu akaita.

"Atoe mkono. Na mfukoni mwa gauni atoe kilichomo."

Wifi akanitazama. Halafu polepole akaunyanyua mkono, na kwa mkono mwingine akaugeuza mfuko wa gauni nje. Ulikuwa na uzi na kitambaa cha kufutia mikono.

Nikainama kwenye vifungo. Kijani. Kijani. Kijani. Vyote vya kijani. Nikamwaga kopo, nikahesabu vya kopo na vya mezani pamoja. Vilitimia. Hakuna kilichozidi, hakuna cheupe hata kimoja.

Nilihesabu tena. Watu wote walikuwa wananitazama ninavyohesabu, na mgeni wangu yupo. Aibu ile sitaki hata kuikumbuka.

Mama Vitabu ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo amevitoa wapi?"

"Kwenye kopo," wifi akajibu. "Kila mzunguko, mbele yenu wote. Kama kadi inavyosema."

"Kadi inasemaje?" nikauliza, mimi mwandishi wa kadi.

Akaisukuma katikati ya meza. Mama Vitabu akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Askari huanza na nguvu nane. Mganga huanza na nguvu sita. Mwizi huanza na nguvu tano." Akachukua ya mwisho. "Mchukuzi huchukua nguvu moja."

Akairudia. "Huchukua."

Kinyozi akapiga paja kwa kicheko. Mimi nilikuwa bado sijaelewa.

"Wifi," naye akaniambia taratibu, "mtu huanza mara moja tu, kisha ameshaanza. Lakini huchukua? Huchukua leo, huchukua kesho. Kila zamu yangu ilipofika nilichukua moja. Nilikuuliza siku ile kama ndivyo. Ukasema ndivyo."

Nilisikia masikio yanawaka. Nilipoandika kadi ile nilifurahia mlio wake tu, mchukuzi huchukua, nikaona nimetoa bonge la utani. Kumbe nilikuwa nimempa mnyonge chemchemi. Na alipokuwa anachota, hakuna aliyemwona, maana nani anatazama mikono ya mchukuzi?

"Basi mchezo umeharibika," mdogo wangu akasema haraka, anainuka. "Si nilisema huyu ana kitu? Kadi irekebishwe, tumalize."

"Kaa kwanza," Mama Vitabu akasema. "Mchukuzi nimemwelewa. Anaanza hana kitu, anakua polepole, akiharakishwa anakufa. Huyo hajaharibika. Swali langu ni askari. Kinyozi ameniambia hajawahi kufa. Leo amekufa wa kwanza. Leo kumebadilika nini?"

 Niliona macho ya kinyozi yanakwenda rafuni, kwenye boksi la dadu za zamani. Akanyoosha mkono, akaitoa ile nyekundu.

"Weka hiyo," mdogo wangu akasema.

Kinyozi akairusha. Sita.

Akairusha tena. Sita.

Akampa mume wangu, mtu ambaye hana bahati hata ya kupata kiti kwa kinyozi. Mume wangu akarusha. Sita. Akarusha kwa mkono wa kushoto. Tano, halafu sita.

"Ni bahati," mdogo wangu akasema.

"Nipe," nikasema. Nikaishika. Nimeshika vifungo maisha yangu yote, vidole vyangu vinajua kitu kilicho sawa na kisicho sawa. Ilikuwa nzito upande mmoja.

"Dada, ni mchezo tu. Mchezo! Askari kazi yake si kupiga? Alikuwa anapiga. Mlikuwa mnafurahi au hamkufurahi?"

"Ukanitia maneno juu ya wifi yangu."

"Mimi nilisema umwangalie tu. Mengine ulijaza mwenyewe."

Hilo lilinichoma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Akachukua funguo zake, akatoka bila kuaga mgeni.

Mama Vitabu alikunja miwani yake. "Mchezo nauchukua. Kadi ya mchukuzi msiiguse hata nukta. Ninyi wenyewe sasa, malizaneni." Akaondoka zake, na kinyozi akamsindikiza, naona alitafuta sababu ya kukimbia.

Tulibaki watatu na vifungo vya kijani.

"Wifi, nisamehe," nikasema. "Ile dadu ndiyo iliyotuchezea sote."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ile nyekundu. Tangu Jumapili ya kwanza. Dadu zetu zikianguka zinabingirika. Ile ilikuwa inaanguka na kutulia."

Mume wangu akageuka. "Dada! Mbona hukusema?"

Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha. "Ningemwambia nani, kaka? Mimi nimekuja na begi moja, nalala kwenye chumba cha vitambaa. Nimseme ndugu wa mwenye nyumba? Mwenye kifungo kimoja akimshtaki mwenye vinane, nani atageuziwa mfuko?"

 Mfuko wa gauni lake ulikuwa bado umening'inia nje. Aliurudisha ndani, akaulainisha kwa kiganja.

"Nimepata chumba," akasema. "Nimekuwa nikikitafuta jioni, tangu siku ile mlipozungumza uani. Kesho nahama."

Nililia. Sioni haya kusema. Nikamwambia hapa ni kwako, nikamwambia nilipitiwa, nikamwambia ni shetani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinishika hata mkono.

"Sina hasira na wewe, wifi. Jumapili nitakuja kucheza. Lakini kulala kwenye nyumba ambayo nahesabiwa, hapana."

Kesho yake alihama.

Anakuja kweli Jumapili. Anacheza, anacheka, anakunywa chai, jua likishuka anaaga. Mume wangu anamsindikiza. Mimi nabaki mlangoni, na kila mara anaponiaga ananiita "wifi" kwa heshima ile ile kamili, na heshima hiyo ndiyo inayoniuma.

Mdogo wangu tumeshapatana, ni damu yangu. Nilimsamehe haraka sana. Nikijiuliza kwa nini yeye nilimsamehe haraka hivyo, sipendi jibu.

Basi chukueni hili bure, mimi nimelilipia. Mtu aliyeanza na vingi akishinda, tunasema ndivyo alivyo, tunapiga makofi. Mtu aliyeanza na kimoja akishinda, tunauliza katoa wapi. Askari alituibia kila Jumapili kwa miaka, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali. Mchukuzi alishinda mara tatu tu, tena kwa haki, tukampekua.